Kiti cha Marehemu Kithibitishwe Kuwa Mkurugenzi

Hewa Bora, Lubumbashi, tarehe 9 Juni

Kwa Shemeji Gérard, mkubwa wa baraza la familia, Ruashi

Shemeji mheshimiwa,

Mimi ni mzima, na mashine yetu ya kusaga mahindi ni nzima pia. Baada ya matanga ya mume wangu, Papa Daniella, mliamuru kwamba mtu yeyote asikalie kiti chake mpaka familia ikubaliane nani ataongoza kazi. Miezi minne imepita. Sasa nasikia Jumamosi mnakuja kumkalisha Elisée, mdogo wenu. Napinga kwa heshima, maana nafasi imeshajazwa. Kiti kinaongoza.

1. Wafanyakazi wanakitii. Kila asubuhi wanabisha mlango, wanakisalimu, wanakiwekea mezani hesabu ya magunia. Dieumerci wa mashine anakivulia kofia. Papa Daniella mwenyewe hakuwahi kuvuliwa kofia.

2. Hakipigi kelele. Marehemu aligonga meza kwa kalamu mara tatu kabla ya kukataa jambo. Kiti kinakataa kimya. Elisée alipokuja kuchukua gari la kazi aende harusini Kasenga, Dieumerci alimjibu kwamba patron hajatoa ruhusa. Alirudi kwa miguu.

3. Kinasikiliza. Kapinga, muuzaji wetu wa unga, aliingia ofisini na manung'uniko ya mwaka mzima, akatoka baada ya nusu saa akifuta machozi. Aliniambia: "Mama, leo ndiyo patron amenisikia muzuri." Mimi pia huingia. Mgongoni mwa kiti bado kuna alama ya unga pale alipoegemea. Siifuti.

4. Kwa hiyo naomba kiti kiandikwe rasmi kuwa mkurugenzi, kikabidhiwe muhuri, kiwekwe mstari wa mbele kanisani, na Jumamosi kihudhurie mkutano. Kama nacho kitaletewa kiti cha kukalia, hilo nawaachia wakubwa. Elisée anaweza kuwa naibu wake, kikimpenda.

Nisalimie Mama Mapalo, watoto wote, majirani wa upande wa barabara na wa upande wa mgodi, na Elisée pia, bila kumwambia lolote.

Ni mimi, shemeji yako asiye na ubishi,

Benita, Mama Daniella

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mkanda wa mashine ulikatika. Wateja walikuwa wamejaa na beseni zao za mahindi, na wafanyakazi wote wakaenda kusimama mbele ya kiti kungoja amri. Nilingoja nao kidogo, kwa adabu. Halafu nikachukua spana nikabadilisha mkanda, kama nilivyofanya miaka kumi na tisa Papa Daniella akiwa amekaa. Dieumerci akaniuliza tuanze na mahindi ya nani. Nikamwambia. Miguu ilikuwa inaniuma, nikakaa, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu. Hakuna aliyeshtuka. Basi, shemeji, yote niliyoandika hapo juu yafute. Jumamosi njooni, bukari ya unga wetu na samaki vitakuwepo. Lakini mtasimama.