Kikombe cha Rejesha

Profesa hakuwahi kufundisha popote, na hata shule aliyosoma aliiacha mapema kwa ombi la mwalimu mkuu. Jina hilo alipewa na watu aliowatapeli. Walipogundua kwamba wametapeliwa walitamani kulibadilisha, ila mwenyewe alikuwa ameshahama mji.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za uwanja wa michezo, anatafuna mkate mkavu, alipowaona. Watu wazima wenye kazi zao waliingia langoni wakitoka mbio ndefu, wakajibwaga kwenye nyasi. Mmoja wao, mhasibu mwenye kitambi cha heshima, alikuwa anatetemeka midomo.

"Kula kitu, shemeji," mwenzake alimwambia.

"Nile nini? Nimekimbia ili nipungue, halafu nikirudishe nilichokitoa?"

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Profesa akaacha kutafuna. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wajinga wa kila namna, lakini watu wenye pesa za chakula wanaojinyima kwa hiari alikuwa hajawahi kuletewa wengi namna hii kwa mpigo mmoja. Akamshukuru Mungu, kisha akashuka ngazi taratibu, mikono nyuma.

"Samahani, wapendwa. Mkubwa wenu ni nani?"

Mkubwa wao alikuwa mshonaji nguo, mama mwembamba ambaye sindano hazikuwahi kumtoka kwenye kola, hata akikimbia. Walimwita Mama Sindano. Alimtazama Profesa kama kitambaa alichoambiwa ni hariri.

"Una shida gani, mwanangu?"

"Mimi sina shida, mama. Wenye shida ni hawa. Nimekimbia mbio ndefu nje ya nchi miaka mingi. Huko tulifundishwa kwamba mtu akimaliza kukimbia, mwili wake ni jiko lililoishiwa kuni. Usipoliongezea upesi, linaanza kuchoma milango ya nyumba."

Mhasibu akajishika mapaja, kuhakikisha milango ipo.

"Kuna kinywaji tulikuwa tunapewa," Profesa akashusha sauti. "Kinaitwa Rejesha. Lakini ni siri, jamani, nisije nikafungwa."

Kinywaji hicho hakikuwepo duniani. Wiki iliyofuata kilikuwepo, ndoo nzima. Profesa alikitengeneza kwa ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, ambazo muuza matunda wa kona ya juu ya mlima alikuwa karibu kuzitupa. Maziwa aliyatia ili kuzificha ndizi, sukari ili watu wasiulize maswali, na chumvi kidogo kwa sababu dawa isiyo na ladha ya ajabu kidogo haiaminiki.

"Ndizi zote hizi unafuga nini, kaka?" muuza matunda alimuuliza.

"Ni za bibi yangu mgonjwa. Hana meno."

"Bibi anamaliza ndoo?"

"Ni mgonjwa, dada, si mvivu."

Msiba uliompata Profesa ni kwamba dawa ilifanya kazi. Mhasibu alinunua kikombe, akakinywa mara tu alipomaliza kukimbia, akapata rangi, akasimama, akaanza kusimulia habari za ofisini bila kuombwa. Wiki chache baadaye kundi zima lilikuwa linapanda mlima huku linapiga soga, na Profesa wanamwita kocha. Profesa alitazama akaumia moyoni. Alikuwa amekusudia wizi safi, sasa anapewa mikono kama muuguzi.

Akaamua kuirudisha heshima ya kazi yake. Kundi lilikuwa limechanga pesa za kwenda kwenye mashindano makubwa, nauli na malazi. Akawaambia kwamba kampuni ya Rejesha ingewafadhili: waweke mchango wao kama dhamana, kampuni ingerudisha maradufu, na viatu vipya juu.

"Viatu vya aina gani?" mhasibu aliuliza, na Profesa akajua kazi imekwisha.

Ni lazima msomaji aijue kanuni moja ya Profesa: ukipewa, usikague mbele ya aliyekupa. Anayekagua anashuku, na anayeshuku hushukiwa. Kwa kanuni hiyo alikuwa ameishi vizuri tangu ujana, bila kulala rumande hata siku moja.

Siku ya makabidhiano Mama Sindano alikuja uwanjani na mkoba wa mgongoni, mzito, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mara mbili.

"Nimeushona, vibaka wasije wakakusumbua njiani. Nikufumulie uhakikishe?"

"Mama, usinivunjie heshima."

"Mzito, lakini. Watu wetu wamechanga sarafu tupu."

"Haba na haba hujaza kibaba, mama," Profesa akasema, akauvaa. Alikuwa amewaambia kwamba anaupeleka mchango kampuni kwa basi, na basi lake lilikuwa linaondoka asubuhi hiyohiyo.

"Haya, kocha," Mama Sindano akapiga makofi. "Stendi iko njia yetu. Tuongoze. Bingwa hawezi kwenda kwa kutembea tukimwona."

Akaanza kukimbia, na kundi likamfuata. Alipofika barabarani aliongeza mwendo ili awaache, nao wakaongeza, bila kinyongo. Nyuma yake alisikia watu wanazungumza habari za ada za shule na mama wakwe, pumzi zao zimetulia. Akakunja kona ghafla, wakakunja. Akapita sokoni, wakapita wakisalimia watu. Stendi aliiona, basi lipo, mlango wazi, lakini mhasibu alikuwa ubavuni kwake.

"Pumua kwa tumbo, kocha. Ulitufundisha mwenyewe."

Atapandaje basi huku anapigiwa makofi? Akapitiliza. Mkoba ulimtwanga mgongo, mapafu yakawaka moto, na ndipo lilipomwingia: kati ya watu wote wa mji ule, alikuwa amechagua kuwaibia wale ambao starehe yao ni kukimbia, tena akawalisha kwanza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Profesa ilikuwa na mlima.

Juu ya mlima miguu ilikataa. Akaanguka mbele ya meza ya matunda, macho yanaona giza. Kwa mara ya kwanza maishani aliogopa kufa, na aliogopa kwelikweli. Muuza matunda akainama, akamwekea kikombe mdomoni. Alikunywa. Kilikuwa kitamu, chumvi kwa mbali. Dunia ikarudi taratibu.

"Wifi," muuza matunda akasema, "huyu ndiye mwenye bibi asiye na meno."

"Namjua, wifi," Mama Sindano akajibu. Alichomoa sindano kwenye kola, akafumua mkoba. Ndani mlikuwa na sukari, chumvi na makopo ya maziwa ya unga. "Nauli tulishalipa wiki iliyopita, mwanangu. Rejesha yako nzuri, hilo hatukunyimi. Tunakwenda nayo mashindanoni, na mkorogaji ni wewe. Au tukusindikize polisi? Si mbali, tutakimbia."

Profesa alifikiria kukimbia tena. Akaitazama barabara, akayatazama mapaja ya mhasibu.

"Nakoroga, mama," akasema. "Dada, niongeze kikombe."

Muuza matunda akanyoosha mkono. "Cha pili kinalipiwa."

Profesa akatoa noti yake ya mwisho mfukoni. Dada yule aliipokea, akaiinua juani, akaigeuza upande huu na upande ule, mbele ya macho yake, bila haya yoyote. Aliporidhika ndipo akammiminia.