Punje Saba za Mama Mkwe

Ijumaa, 26 Desemba

Nianze na fasili, maana jambo lisilo na mipaka halipimiki. Kipande cha barafu ya pambo ni maji yaliyoganda katika umbo la pande sita, yaliyofumbata ndani yake tunda au jani la kunukia, kwa sharti kwamba maji yazidi kile kilichofumbatwa. Sharti hilo ndilo roho ya fasili. Maji yakizidiwa, barafu hatuna tena. Tuna tunda lililopigwa na baridi.

Kwa nini nimeanza kuyawaza haya? Viti.

Kila tarehe thelathini na moja ya mwezi huu, ukoo wa mke wangu hukusanyika kwa mama mkwe kuufunga mwaka. Mama mkwe ndiye mgawaji wa kazi, na neno lake halikatiwi rufaa. Mimi, mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo, niliyetumika miaka thelathini na moja bila doa, hupewa viti. Miaka tisa mfululizo! Kubeba, kufuta vumbi, kupanga, kurudisha. Meza ya vinywaji, kitovu cha shughuli nzima, hushikwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa majokofu, ambaye ukoo mzima humwita Bwana Baridi. Barafu yake naijua. Huigandisha kwenye sufuria, huitia ndani ya gunia safi, huipiga nyundo. Hakuna vipande viwili vinavyolingana. Watu hushangilia.

Mwaka huu, basi. Nitatengeneza barafu ya matunda na majani, kwa siri, kwa kipimo, mpaka mama mkwe mwenyewe aone tofauti kati ya fundi na mtaalamu. Viti vitapata mwenyewe mwingine.

Nimenunua makomamanga mawili, malimau, mnanaa na rehani. Mke wangu kauliza ni ya nini. Nimesema afya.

Jumamosi, 27 Desemba

Jaribio la kwanza. Maji ya bomba, punje za komamanga, jani moja la mnanaa kwa kila kitundu cha trei. Saa sita ndani ya friza.

Matokeo: aibu. Barafu nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Punje zote zimeelea juu, zimeganda usoni kama chunusi. Jani limejikunja, limekuwa jeusi. Ningekuwa kazini ningekitaifisha kitu hiki papo hapo.

Nimetafakari. Weupe ni hewa iliyonaswa. Dawa yake ni kuchemsha maji mara mbili. Kuelea ni tabia ya punje. Dawa yake ni tabaka. Nusu ya kwanza igande, punje zipangwe juu yake, kisha nusu ya pili, ya maji baridi sana, imiminwe polepole. Jani lichovywe kwanza kwenye maji ya moto, mara moja tu, ndipo libaki kijani. Yote haya nimeyapata kwa kufikiri, nikiwa nimekaa.

Mke wangu kauliza kibano chake cha nyusi kimefikaje ndani ya friza. Nikamjibu kwamba kiko kazini. Akakichukua, akaondoka nacho. Kesho nitatumia vijiti vya meno.

Jumapili, 28 Desemba

Jokofu haligandishi! Tangu alfajiri nimefungua mlango kila dakika ishirini, nikasoma kipimajoto, nikaandika. Kila nikisoma, joto limepanda. Saa nne asubuhi nyama ya mke wangu imeanza kutoa machozi. Akapandwa na hasira, akampigia simu mdogo wake. Nilipomsihi aite fundi mwingine yeyote, akauliza kuna fundi gani mwingine anayekuja Jumapili na kuosha vyombo kabla ya kuondoka.

Bwana Baridi akaja na mkoba wake. Akafungua jokofu, akafunga, akaweka sikio ubavuni mwake kama daktari, akaliona daftari langu la vipimo juu yake, akalisoma. Kisha akamwambia dada yake kwamba jokofu hili halina ugonjwa, lina mtu.

Mke wangu akacheka mpaka akashika meza.

Baya zaidi, akaiona trei. Nikasema upesi kwamba ni ya kukandia goti. Akainama, akanusa mnanaa, akasema, "Pole sana shemeji. Goti lako linanukia kuliko jiko la mama."

Akaosha vyombo. Kabla ya kuondoka akabandika karatasi kwenye mlango wa friza, USIFUNGUE MPAKA KESHO, na kuniachia kasha lake kubwa la kubebea barafu, eti goti likizidi tarehe thelathini na moja nitalihitaji. Anajua! Na kama anajua, kwa nini anasaidia? Nimelikagua kasha lote kwa tochi. Halina tundu hata moja. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Jumatatu, 29 Desemba

Sikufungua mpaka leo. Nilikaa mkabala na jokofu, nikalikodolea macho, mikono nimeikalia.

Leo asubuhi: ushindi! Kipande kimoja kati ya kumi na viwili kimetoka safi kama kioo cha saa. Punje saba katikati, zimekaa kwa duara, jani la mnanaa limesimama kijani kibichi. Nimekizungusha mbele ya dirisha. Sikuweza kuona mahali maji yanapoanzia.

Nikakitia ndani ya chupa ya chai, nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nilimkuta anachambua mchele dirishani. Nikamwekea kwenye kisahani. Akavaa miwani. Akakiinua, akakigeuza, akakirudisha kisahanini.

"Baba," akasema, "hiki ni cha kunywa au cha kuvaa?"

Nikaeleza tabaka, hewa, mwelekeo wa ugandaji. Alisikiliza kwa adabu mpaka kipande kikaanza kulowesha meza. Kisha akachukua simu, akampigia mwanawe mbele yangu, akamwambia mwaka huu vinywaji vyako vimekwenda kwa shemeji yako, wewe shika viti. Nikamsikia Bwana Baridi akisema sawa mama. Sawa mama! Bila swali, bila kusita. Mtu aliyenyang'anywa cheo haridhiki upesi namna hiyo.

Hata hivyo nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, kwa raha zangu.

Jumanne, 30 Desemba

Siku ya uzalishaji. Wageni thelathini na watatu. Trei tatu, vipande thelathini na sita. Limau limeondolewa: lina mbegu, na mbegu ni fujo. Rehani imekataliwa: inapiga kelele mdomoni.

Limebaki swali moja la kitaaluma. Idadi ipi ya punje inapendeza zaidi? Moyo wangu unasema saba. Lakini moyo si kipimo. Kwa hiyo trei ya kwanza nimetia punje tatu tatu, ya pili tano tano, ya tatu saba saba. Kesho nitatazama nyuso za wanywaji na kuandika.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko. Akasema, "Mzee, watilie sawa wote, yaishe." Nikamweleza kwamba penye usawa mtupu hakuna maarifa. Akasema maarifa niyaache nyumbani, kesho shangazi yake yupo, na shangazi ana macho. Nikamjibu kwamba kila mtu ana macho, ndiyo maana tunapamba.

Shangazi huyu ni dada wa marehemu baba mkwe. Yeye na mama mkwe ni mawifi wa miaka arobaini. Wanapendana sana, na katika miaka hiyo hakuna lolote walilopewa ambalo hawakulilinganisha: vitambaa, mapande ya keki, muda wa kupewa pole msibani.

Nimelifikiria hilo. Jibu ni bahati nasibu. Vipande vyote vitachanganywa ndani ya kasha, nami nitavichota nimegeuza uso. Hakuna haki iliyo safi kuliko ya asiyetazama.

Jumatano, 31 Desemba

Naandika haya saa kumi na moja jioni, kwenye kiti cha pembeni uwanjani, goti likiwa linauma kwelikweli.

Saa saba nilikuwa mezani. Shati jeupe, kitambaa begani. Viti vilikuwa vimetupwa tu uwanjani kwa duara la ovyo. Bwana Baridi hakupima hata nafasi kati ya kiti na kiti. Ajabu ni kwamba watu walikaa na wakapendeza. Hilo nimeliacha.

Nikamimina juisi ya nanasi. Nikageuza uso, nikachota, nikagawa. Glasi thelathini na tatu ziliinuliwa kwenye mwanga. Mjomba mmoja akasema yeye hanywi kitu kizuri hivi kabla ya kukipiga picha. Hiyo ilikuwa dakika bora ya maisha yangu ya ustaafu, na ilikuwa dakika moja kamili.

Shangazi akaanza kuhesabu, kwa sauti, kidole kwenye glasi. "Moja. Mbili. Tatu." Akageuka. "Wifi, wewe una ngapi?"

Mama mkwe akasema hajahesabu. Akaiinamia glasi yake. Kisha akasema, "Saba."

Glasi zote zikashuka. Kila mtu akaanza kuhesabu. Mjomba mwenye tano akataka kujua kosa lake ni lipi hata awekwe katikati, si wa heshima wala wa kudharauliwa. Binamu wawili pacha wakagundua wana tatu na saba, wakaacha kuzungumza. Shangazi akasimama, akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Miaka thelathini na moja unawafungia watu maduka kwa gramu tano. Leo mimi, shangazi mtu, unanipunja punje nne?"

Neno hilo! Kupunja! Mimi!

Nikapanda juu ya kiti. Nikaeleza bahati nasibu, kugeuza uso, jaribio la tatu na tano na saba. Nikasema kwamba uwezekano wa yeye kupata tatu ulikuwa sawasawa na wa wifi yake. Shangazi akasema, "Ahaa. Kwa hiyo ulikuwa unatujaribu." Mke wangu akafunika uso kwa kanga. Mama mkwe aliisogeza glasi yake mahali inapoonekana vizuri zaidi.

Nikatamka kwamba suala hili linapimika, nikakimbilia jikoni kuchukua mizani. Katika kukimbia nikagonga goti kwenye kiti kilichopangwa ovyo.

Niliporudi nachechemea na mizani, sikuamini. Bwana Baridi alikuwa ameleta ile sufuria kubwa ya gunia na nyundo. Alikuwa anapita kiti kwa kiti akisema leteni, leteni, na kila mtu anamwaga glasi yake humo. Hakuna aliyekuwa amekunywa hata funda, wote walikuwa wanahesabu. Vipande vyangu thelathini na tatu vilikuwa vinaelea pamoja, vinagongana, vinalia kama vikombe vinavyooshwa. Akakoroga kwa upawa. Akamchotea shangazi wa kwanza, mama yake wa pili, akawaambia wote wawili kwamba sasa punje ni mia moja na sitini na kitu, na zote ni zao.

Shangazi akanywa. Akasema barafu ni nzuri. Akasema angejua ni nzuri hivi asingehesabu. Mama mkwe akacheka, wifi yake akacheka kwa kuwa mwenzake kacheka, na uwanja mzima ukafuata. Walikunywa sufuria nzima. Waligombania zile punje za chini kwa vijiko.

Bwana Baridi akaja akaketi karibu yangu na glasi mbili. Akauliza goti. Nikasema hili ni la kweli. Akanipa kipande cha mwisho nikandie, chenye punje tano. Akakiri kwamba miaka tisa amekuwa akiomba kuondolewa kwenye vinywaji, maana kila mwaka anarudi nyumbani mikono imekufa ganzi, ilhali viti havina baridi.

Nilimnywea juisi yake yote. Sijui kwa nini ilikuwa tamu vile.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Tathmini ya utulivu.

Kosa halikuwa kuhesabika kwa punje. Kosa lilikuwa kukosekana kwa kanuni iliyotangazwa mapema. Nimeandika kanuni, kurasa mbili. Mama mkwe ameniachia meza ya vinywaji, kwa masharti kwamba mwakani wote watiliwe sawa. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Saba kwa kila mtu, hakuna hila. Ingawa punje hazilingani uzito. Itabidi zipangwe kwa madaraja.

Saa tatu asubuhi shangazi alibisha hodi na chupa ya chai tupu. Alikataa kuketi. Akasema amepita tu. Akanong'ona kwamba anataka kipande kimoja cha kwake, cha kuweka friza na kukitazama, chenye punje nane, na wifi yake asijue. Nilifikiria kanuni. Nikafikiria jinsi alivyosema ni nzuri. Nikamwambia arudi kesho.

Saa tano mama mkwe akapiga simu. Aliniita mwanangu mara tatu, jambo lisilo la kawaida. Akasema hataki makuu, ila nimtengenezee kipande kimoja, na humo nitie punje moja zaidi ya nitakazomtilia wifi yake, zozote zile, yeye hataki hata kuzijua. Nikasema sawa mama.

Nimeketi sasa mkabala na jokofu, daftari gotini, nina furaha isiyoelezeka. Hili linapangika. Nane, kisha tisa. Shangazi atalisikia, ana macho na ana masikio pia. Basi kumi, kisha kumi na moja. Ni suala la mpangilio tu, na kuwa msiri. Kitundu cha trei nimekipima. Linabaki swali moja, ambalo fasili yangu ya Ijumaa haikulijibu: ni punje ya ngapi hasa ambayo, ikiingia, barafu inakoma kuwa barafu?