Mlo wa Bure kwa Pointi za Poka

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwahidi mke wangu chakula cha bure Jumamosi, mkahawani kwenye kasino. Kadi ya uanachama hukusanya pointi. Pointi hugeuka mlo. Kaka yake, yaani shemeji yangu, tayari anayo ya dhahabu, na huipangusa kila anapoitoa. Akacheka: mlo huo utauona ndotoni. Tutaona! Bila shaka kasino hutuza uvumilivu.

Jumanne, 4 Machi
Nimekaa kutwa kwenye mashine ya poka. Kila karata nimeitafakari. Nimesafisha miwani kabla ya kubonyeza. Pointi hazitoshi hata chai! Mhudumu akanieleza kwamba mashine haihesabu muda, huhesabu madau, nishinde nishindwe. Akaniita babu, akasema nimepumzika tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebonyeza kama mpiga taipu. Bado. Nimemhoji tena mhudumu. Kumbe kasino hukadiria faida itakayopata kwa mchezaji, kisha humrudishia kipande chake kama zawadi. Poka ikichezwa vizuri huiachia kasino kidogo, basi pointi zake hutambaa. Mashine za picha zinazozunguka, zisizohitaji akili, hutoa maradufu. Naadhibiwa kwa kufikiri! Hata hivyo, hesabu nadhifu. Nimeipenda.

Ijumaa, 7 Machi
Ufumbuzi! Dau huhesabiwa kwa kadi iliyochomekwa, si kwa mkono unaobonyeza. Shemeji alipokwenda msalani, nilichomoa kadi yake kwenye mashine ya picha, nikachomeka yangu. Yake nimeificha soksini. Akarudi, akacheza kama mwendawazimu. Pointi zangu zikafurika!
Dosari moja. Alipoondoka, alichomoa kadi na kuitia mfukoni bila kuipangusa. Ningeidaije?

Jumamosi, 8 Machi
Tulimkuta shemeji mkahawani, meza ya watu watatu imeandaliwa. Akatukaribisha kwa sauti ya ukumbi mzima: leo tule, tusiogope, ni pointi. Akamkabidhi mhudumu kadi. Yangu! Mke wangu akasema afadhali amejaliwa kaka mwenye kutimiza ahadi. Shemeji akanigeukia, mpole kama njiwa, akauliza kama sijaokota kadi ya dhahabu mahali. Nikasema sijaona. Nyama ilikuwa laini. Kadi ya soksini ilinikwaruza hadi matunda yalipoletwa.

Jumapili, 9 Machi
Kosa limebainika: nilichagua mtu mwenye mifuko. Mama mkwe angependa kuziona hizo mashine. Gauni lake halina mfuko, na vidole vyake ni vyepesi kubonyeza. Nimeomba kadi mpya.