Kuhusu Kufutwa kwa Mume Wangu

Ikonge, Kaunti ya Nyamira
Jumatano

Kwa Wahariri wa Hazina ya Wote, ensaiklopidia ya mtandaoni, popote mlipo, maana anwani hamkuweka.

Ndugu Wahariri,

Ninawaandikia kwa heshima na kwa hasira, heshima ikiwa mbele. Mimi ni Nyakerario, mke wa Momanyi Nyasani, mkulima wa chai na mwandishi wa riwaya saba za mizimu. Mwezi uliopita mliufuta ukurasa wake mkasema si maarufu vya kutosha. Tangu siku hiyo hajaandika hata sentensi moja. Akichuma chai anachanganya majani machanga na yaliyokomaa, na akipumzika hufungua simu kuona kama amerudishwa. Inaniuma kumtazama. Ndiyo maana nina malalamiko yafuatayo:

1. Umaarufu. Kitabu chake cha tatu, Mzimu wa Mizani, kinahusu kituo cha kununulia chai ambapo mizani husoma kilo ilhali hakuna kikapu kilichotundikwa. Tangu kitoke, wakulima wa hapa hawakubali kupimiwa chai jua likishatua, na karani, ambaye zamani alikuja saa aliyotaka, siku hizi anafika mapema. Mchungaji wetu amehubiri dhidi ya kitabu hicho Sabato tatu mfululizo. Niambieni, ni mwandishi yupi humo kwenye Hazina amewahi kumfanya karani wa chai awahi kazini? Karani mwenyewe yuko tayari kuthibitisha.

2. Vyanzo huru. Mlitaka ushahidi wa watu wasio na uhusiano na mwandishi. Ndugu zangu, hapa ni Gusii. Asiye wa ukoo wake ni wa ukoo wangu, na anayebaki ni mkwe. Nilitafuta wiki nzima hadi nikampata Bwana Shueib, muuza magodoro mjini Nyamira, ambaye hatuna undugu naye hata wa mbali. Alishuhudia kwamba tangu asome kitabu hicho haingii stoo peke yake, sharti mkewe Istarlin atangulie. Mkajibu kwamba ushahidi lazima uwe umechapishwa. Nikaupeleka kwa Ashley wa saiba, lile duka la intaneti, akauchapisha nakala tatu kwa wino mweusi, ukapigwa muhuri wa duka la magodoro. Bado mkaukataa! Sasa mnataka uchapwe mara ngapi? Nakala moja nimeiambatisha tena.

3. Mhariri wenu mmoja, anayejiita Bundi Arobaini, aliandika kwamba hivyo ni "vitabu vya mizimu tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma. Mtu aliyelificha jina lake ameketi kuamua kama jina la mwenzake linastahili kujulikana. Hapo mzimu ni nani?

4. Nimeipekua Hazina yenu. Mchezaji aliyeingia uwanjani dakika nne akatoka akichechemea ana ukurasa. Mende mmoja wa msituni ana ukurasa wenye picha mbili. Mende huyo alihojiwa na gazeti gani? Simchukii, ni kiumbe wa Mungu, lakini hajawahi kuandika hata barua, na mume wangu ana vitabu saba.

5. Huyo huyo Bundi alitueleza kwamba waandishi wengi hupata vyanzo baada ya kufa, magazeti yakichapisha tanzia. Ushauri huo tuliuzingatia. Kikao cha ukoo kiliketi chini ya Obwocha, kaka yake mkubwa, kikakubaliana kwamba mume wangu azikwe Alhamisi ya wiki ijayo. Hema limepatikana Keroka na kwaya imeanza mazoezi. Mwenyewe hakupinga, alitoa masharti mawili tu: aandike wasifu wake mwenyewe, na asinyimwe chakula cha matanga. Kilichobaki ni ninyi kutujibu kwa maandishi: je, lazima awe amekufa kabisa, au inatosha gazeti liseme? Akina mama wanauliza, kwa sababu kumlilia mtu ambaye anakula ndizi mbele yako si kazi rahisi.

Kwa hivyo naomba mumrudishe kabla ya Alhamisi. Mkichelewa, waombolezaji tutawaelekeza kwenu.

Wasalimieni wahariri wote, wake kwa waume, na watoto wenu kama mnao. Bundi naye msalimieni. Mwambieni sisi hatujamfuta.

Mimi niliye hai, na mume wangu kwa sasa,
Nyakerario Momanyi

Tanbihi: Kama kurudisha ukurasa wote ni kazi kubwa, nitumieni tu ile sehemu iliyoeleza kila kitabu kinaishaje. Ukweli ni kwamba sijasoma hata kimoja. Mizimu naiogopa mno. Miaka yote nilikuwa nasoma hapo kwenu yeye akiwa shambani, akirudi tunajadiliana vizuri mpaka chai inapoa. Cha saba mliufuta ukurasa kabla sijakifikia. Ameniuliza mara tatu nilionaje mwisho wake, nami nimemjibu bado nautafakari. Nimejikaza jana nikakifungua. Mwanzoni kabisa ameandika: "Kwa Nyakerario, ambaye husoma kila neno." Hapo ndipo nilipofika.