Baba Mkwe wa Kimo cha Kidole Gumba

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeanza. Mama mkwe ametoa kisanduku cha kioo, akakiweka juu ya redio, akatangaza kwamba Jumapili, siku aliyozaliwa marehemu baba mkwe, ndani yake atasimama baba mkwe mwenyewe. Kwa sare yake ya mkuu wa stesheni. Kimo cha kidole gumba! Fundi wa meno ya bandia wa mtaani kwetu ameshatengeneza vinyago viwili kwa dawa ileile anayomiminia meno. Kimoja napaka rangi mimi. Cha pili anapaka shemeji, kaka wa mke wangu. Kisanduku kina nafasi ya mmoja tu.

Marehemu alikuwa akinitazama kama abiria asiye na tiketi. Hata siku moja hakuniita mwanangu. Mama mkwe naye hunitambulisha kwa wageni kama "huyu aliyemwoa binti yangu". Naitaka nafasi ile.

Jumanne, 5 Machi

Joto kali. Rangi zangu za akriliki, zile za kuchanganywa na maji, zimeanza kuwa nzito chupani. Shemeji kapita "kunisalimia", yaani kupeleleza. Kanishauri niziweke kwenye droo yenye giza, zisimame wima, nifute midomo ya chupa kabla ya kufunga, na nisizigandishe kamwe.

Kamwe! Mshindani wako hawezi kuja mpaka nyumbani kwako kukupa siri ya kweli. Kama kasema kamwe, basi dawa ipo hapohapo. Nyama hukaa kwenye friza mwezi mzima na ikatoka salama. Rangi ni nani hata ishindwe? Nimezilaza zote chini ya samaki. Shemeji atanikoma.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoa bluu ya sare, nikaiacha iyeyuke. Loo! Chini maji matupu, juu chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Nikatikisa. Chengachenga zikaongezeka. Nikapaka bega moja la baba mkwe kwa majaribio, likatoka vipele.

Nyeupe hivyohivyo. Nyeusi hivyohivyo. Ya kahawia, niliyoitunza kwa ajili ya uso, imepasua chupa yake. Mke wangu ni muuguzi, hakuna kinachomtisha, lakini leo kasimama mbele ya friza akauliza kwa nini samaki wana madoa. Nimemwambia ni aina mpya. Kaenda zake kuchemsha maharage.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepiga moyo konde, nikaenda kwa shemeji kuomba rangi. Uso nimeukunja kama mfiwa. Hakuuliza hata neno! Kanidondoshea kidogo ya kila rangi kwenye kibao chake cha kuchanganyia rangi, chenye sponji iliyolowa maji na karatasi juu, akafunika vizuri zisikauke njiani. Mtu huyu ana wema wa kuudhi.

Kinyago chake nimekiona. Masikini mimi. Vifungo vinahesabika. Masharubu yamechorwa unywele mmoja mmoja. Kasema imebaki vanishi tu, ataipaka kesho, ile isiyong'aa, kwa sababu sare iking'aa huonekana kama ya mwanasesere.

Akaingia jikoni kutengeneza chai. Mezani pamebaki chupa mbili za vanishi. Inayong'aa na isiyong'aa. Zote nyeupe kama maziwa, zinatofautishwa na maandishi ya kwenye vifuniko tu. Mikono yangu ikajiendea yenyewe. Nimebadilisha vifuniko. Chai ilikuwa tamu sana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepaka kutwa. Sare imekaa, kofia imekaa, vipele vya begani nimevifanya mkunjo wa koti. Ili brashi ichongoke nilikuwa nailamba. Mke wangu karudi kazini, kaona ulimi wangu wa bluu, akanikalisha chini, akanishika mshipa wa mkono na kuanza kuuliza kama napumua vizuri. Alipogundua ni rangi alinirushia mfuko wake. Mapenzi haya jamani.

Kwangu pia imebaki vanishi, na sina. Hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Nataka isiyong'aa. Lakini vifuniko nilivibadilisha mwenyewe. Kwa hiyo nimemtuma mke wangu kwa kaka yake alete ile yenye kifuniko kilichoandikwa "inang'aa". Karudi nayo, akasema kaka yake kauliza mara mbili kama nina uhakika. Nimejibu nina uhakika kuliko yeye. Nikapaka tabaka mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Salaale! Baba mkwe anang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Paji la uso lina mwanga. Ukimgeuza dirishani anakuchoma macho.

Mke wangu, hana habari, kanisimulia wakati wa kifungua kinywa. Kumbe shemeji kabla ya kutumia vanishi yoyote huijaribu kwanza kwenye karatasi. Jana asubuhi kakuta vifuniko vimepishana, akavirudisha mahali pake, akajilaumu kwamba macho yameanza kuzeeka. Anataka kwenda kupimwa!

Nani hujaribu vanishi kwenye karatasi? Mtu asiyeamini vifuniko vyake mwenyewe ni mtu wa kuogopwa.

Nimempaka marehemu poda ya mtoto ili apoe. Akawa kama mwoka mikate. Nimemfuta kwa kitambaa. Sasa anang'aa zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Nilitaka kujifanya mgonjwa, lakini ukiwa na mke muuguzi hilo halifanyiki.

Vinyago vikawekwa mezani, ukoo mzima umekaa. Mama mkwe kakishika cha shemeji kwanza. Kasema ni kizuri, ni kama picha iliyokuwa ofisini kwa marehemu. Kisha akachukua changu. Akakisogeza kwenye mwanga. Akakigeuza, akakigeuza tena, mpaka nikaanza kuhesabu hatua za kufika mlangoni.

Akasema: jasho. Kasema hivi ndivyo alivyokuwa akirudi kila jioni, uso unameremeta kwa joto la stesheni, naye akimpokea kofia na kumfuta kabla hajakaa. Akachukua ncha ya mtandio wake, akakifuta kile kinyago uso. Polepole, kama kinaweza kuumia. Kisha akakiingiza kwenye kisanduku, akafunga, akanigeukia na kuniambia asante, mwanangu.

Mwanangu! Nimelia mbele za watu. Mke wangu kalia. Shemeji kalia kuliko wote, akanikumbatia, akaniuliza niliwazaje jambo kama lile. Nimemjibu kwamba usiku na mchana nilikuwa nikilitafakari jasho la marehemu.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe anataka kinyago kingine. Yeye mwenyewe, asimame pembeni ya mumewe. Fundi wa meno ameshaambiwa. Na kazi ya rangi kasema ni yangu peke yangu!

Shemeji kaja asubuhi na sanduku lake lote la rangi. Miaka ya kukusanya. Kasema mwenye kipaji ni mimi, nizitumie, yeye hayaamini tena macho yake. Nimepokea kwa unyenyekevu. Kaomba jambo moja tu: kila chupa niitikise vizuri kabla ya kuitumia, maana zimekaa.

Chupa zote hizo kwa mkono! Huo ni ushamba. Nimezitia kwenye mashine ya kufulia. Ndani mlikuwa na sare nyeupe za kazi za mke wangu, nimeziacha humohumo ili chupa zisigongane. Vifuniko nimevikaza. Karibu vyote.

Mashine inanguruma vizuri. Nachungulia kwenye kioo chake, naona povu linageuka zambarau. Dalili njema: zinachanganyika.