Nusu Kichwa cha Protini

Jumatatu, 7 Julai
Nimeitwa! Maabara ya protini inachukua msaidizi mmoja wa kiangazi. Usaili ni Ijumaa. Kila mwombaji aeleze, kwa namna yake, jinsi umbo la protini linavyoipa kazi yake. Nayajua yote. Tatizo ni mdomo. Mbele ya wageni sauti yangu hurudi tumboni. Na binamu yangu Asad naye kaitwa, Asad anayeongea hata usingizini. Mama kashauri nisome dua, kisha nizungumze polepole. Sizungumzi. Nitatafuta kitu kitakachojieleza chenyewe.

Jumatano, 9 Julai
Nimekipata. Nywele! Nywele ni protini: minyororo mirefu iliyojikunja, ikashikwa na vifungo. Vile vifungo dhaifu hukatika kwa joto, nywele zikanyooka. Zikipata unyevu vinarudi, nazo zinajikunja upya. Basi nitanyoosha upande mmoja tu wa kichwa. Nitasimama, watatazama, wataelewa. Nimempigia Asad kumpeleleza. Kaandaa hotuba yenye vichekesho. Nimemwonea huruma.

Alhamisi, 10 Julai
Mtaa wa Peckham, upande wa pili wa jiji, saluni ya dada Beatha, nyuma ya pazia. Nikamwomba apige pasi nusu. Akauliza ni nusu ipi inayoolewa. Wateja wakacheka. Nikaeleza habari ya vifungo, hata kikaushio kikazimwa wanisikie. Beatha akasema miaka yote alidhani ni ukaidi wa nywele tu. Kazi safi. Nje mvua! Nikavaa mifuko miwili ya plastiki juu ya hijabu hadi nyumbani Tottenham. Kwenye basi hakuna aliyekaa karibu nami.

Ijumaa, 11 Julai
Aibu. Waliokaa mezani ni Daktari Alka na Bwana Suresh, wazaliwa wa Nairobi wote wawili. Nikasimama. Nikageuka kushoto. Nikageuka kulia, taratibu, waone vizuri. Wakatazama kwa adabu. Nikageuka tena. Daktari Alka akaniuliza kwa Kiswahili, nadhani kwa huruma, "Msichana, kwani unatafuta mlango?"

Nikapeleka mkono kichwani. Hijabu! Naivaa kila siku ya Mungu, na katika mipango yote sikuikumbuka. Niivue mbele ya Bwana Suresh? Mama angehisi huko huko nyumbani.

Nafasi yangu inaondoka hivi hivi naiona. Nikachomoa mkobani mtandio wa akiba, wa mvua, nikaunyoosha mezani.

"Huu ni mnyororo," nikasema. "Ukinyooka hivi, haumsitiri mtu."

Sauti ilitoka! Nikaukunja kuwa hijabu, nikaubana kwa pini. Nikasema kazi inatokana na mkunjo, na pini ndivyo vifungo. Chomoa pini: kitambaa ni kile kile, kazi imekwisha. Bwana Suresh akaomba ajaribu kuukunja. Ukamshinda. Daktari Alka akamwambia hiyo sasa ndiyo protini iliyokunjwa vibaya, na inaleta maradhi.

Jumatatu, 14 Julai
Nimechaguliwa! Asad kanipongeza, kwa kirefu. Mama kalia, kisha kapiga simu nusu ya Pemba. Daktari Alka kaandika kwamba maelezo yangu yamewavutia mno, na wiki ijayo niwaeleze wafanyakazi wote wa maabara. Mama anasema: umeona, ilikuwa kufungua mdomo tu.

Mama hakusoma sayansi. Nimelichambua jambo hili kwa makini. Ni nywele. Hazikuonekana, lakini zilifanya kazi. Kesho narudi kwa Beatha, aninyooshee robo tatu.