Benchi la Wasiosalimiana

Habari hii haikai mdomoni, jamani: Kurugenzi ya Ujirani Mwema imetangaza ruzuku ndogondogo kwa wakazi watakaobuni mradi wa kuwaunganisha majirani! Mkurugenzi mwenyewe alisema hayo kwa kipaza sauti, kasimama juu ya gari, akaapa kwamba ombi lenye vigezo vyote halikataliwi, hata liwe la nani.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini akaomba benchi. Moja tu, la kuweka chini ya ngazi. Mama mkwe wake miguu imegoma, kutwa yuko ndani anabishana na redio, na redio haijamjibu hata siku moja.

Mkaguzi akaja na faili. Akamkuta fundi kambeba mtoto wa jirani, na kinyozi wa mlango wa pili anamwonjea mchuzi.

"Hii kasoro kubwa, dada," akasema, anaandika. "Nyie mmeshapatana."

"Si ndiyo vizuri, kaka?"

"Vizuri kwenu. Ruzuku ni ya kuunganisha waliotengana. Tenganeni kwanza. Nawapa siku saba, na uhasama uonekane kwa macho."

Basi wakajitahidi, maana sheria ni sheria. Fundi akamnunia kinyozi tangu alfajiri. Kufika saa nne akatuma mtu amuulize kama amekunywa chai. Jioni wakafanya mazoezi ya matusi uani.

"Wewe, mkono mzito kama mchi!"

"Na suruali zako! Mguu mmoja unaenda sokoni, mwingine unabaki nyumbani!"

Majirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Sakafuni, kwa kukosa benchi.

Siku ya saba wakafika Mkurugenzi na Mkaguzi, kila mtu na gari lake.

"Mwambie huyo alete faili," Mkurugenzi akamwambia fundi. Mkaguzi yuko hatua moja tu.

"Mwambie na yeye ana mikono."

Fundi akawatazama. "Kwani hamsemeshani?"

"Tangu mwaka juzi," Mkaguzi akajibu kwa fahari.

"Na ofisi zenu?"

"Zinatazamana."

Fundi akachukua fomu, akafuta majina ya wakazi, akaandika ya wakubwa hao wawili. Majirani: ndiyo. Wametengana: ndiyo. Uhasama: upo, mashahidi ni sisi sote. Mkaguzi akagonga muhuri upesi, apate kumkomoa bosi. Mkurugenzi akautazama umati uliosikia kiapo chake. Akasaini.

Mwongozo unasema walengwa wautumie mradi wenyewe, kila Ijumaa, nusu saa. Sasa benchi liko chini ya ngazi, na wakubwa wamekaa pale, kila mmoja kwenye ncha yake, na katikati yao mama mkwe, ambaye tangu atoke ndani hajafunga mdomo.

"Wewe mwenye tai, msalimie mwenzio."

"Bibi, suala hilo lina utaratibu wake..."

"Msalimie!"

Mkurugenzi akashtuka.

"Shikamoo," akamwambia Mkaguzi.

"Marahaba, mwanangu," Mkaguzi akaitikia upesi, kabla bosi hajaifuta shikamoo yake.